Jina la Kampuni na Njia ya Mlangoni

Huku kwetu Tarime jina hukutangulia. Ukipiga hodi kwenye boma usilolijua, kabla hujasema shida yako utaulizwa wewe ni wa ukoo gani na mwana wa nani, na kwa sisi wanawake, mke wa nani. Majibu hayo ndiyo yanayoamua utakaribishwa vipi. Nimekulia humo, na labda ndiyo maana, wakazi waliponichagua kuingia kamati ya urasimishaji ya mtaa wetu, niliona si kazi ngumu kupima kampuni zilizoomba kutupangia na kutupimia viwanja. Tungeuliza sifa zao, tungesikia, tungeamua.

Makabrasha yalikuja yote yakiwa yamenyooka. Vyeti vya usajili vilikuwepo, mihuri ilikuwepo, picha za kazi zilizopita zilikuwepo. Lakini cheti kinasema mtu anaruhusiwa kuanza kazi. Kama huwa anaimaliza, hilo utalitafuta kwingine. William Lukuvi, alipokuwa Waziri wa Ardhi, alizikemea hadharani kampuni zilizokusanya fedha za wananchi kisha zikaiacha kazi njiani, nazo hazikuwa kampuni za vichochoroni. Serikali ilikuwa imeshusha gharama isizidi Sh150,000 kwa kiwanja, kutoka Sh250,000, na bado kwa mama anayeuza ndizi sokoni hiyo ni fedha ya kuwekwa kidogo kidogo kwa miezi.

Zile picha ndizo zilizonirudisha Nyamongo kimawazo. Kandokando ya mgodi wa North Mara kuna nyumba za tegesha, zilizoinuliwa kungojea tathmini na fidia. Ukiwa barabarani utasema ni nyumba: kuta zipo, bati linang'aa, mlango umefungwa kwa kufuli. Ukikaribia ndipo unaona majani yameota mpaka kizingitini, nyuma hakuna jiko wala jivu, na hakuna njia iliyokanyagwa kwenda mlangoni. Siwalaumu waliozijenga, maana sijawahi kuamka nikaambiwa shamba la baba yangu linachukuliwa. Ila tangu hapo kila picha ya mradi naitafutia ile njia. Hata jina kubwa halinitoshi tena. Mradi wa Dege kule Kigamboni ulibebwa na NSSF, mfuko unaoaminiwa na wafanyakazi nchi nzima. Ulipangiwa nyumba zaidi ya 7,000, ukasimama mwaka 2016, na majengo yakabaki hayana wenyeji.

Kampuni mojawapo ilikuwa ya kijana wa huku huku. Wazee walimtetea kwa sentensi moja: baba yake tunamfahamu. Nami nilimfahamu. Hata hivyo nilipata safari ya kwenda wilaya ya Serengeti, na nilipofika Mugumu nikaomba kupelekwa kwa watu aliowahi kuwafanyia kazi.

Mama mmoja alinipeleka shambani kwake, akasukuma mahindi kwa mkono kunionyesha jiwe la mpaka, saruji yenye namba iliyoanza kufutika. "Mwanangu, jiwe ninalo," aliniambia, "hati ndiyo sijaiona." Stakabadhi zake zote alikuwa nazo, hakudaiwa hata shilingi. Nilitegemea amlaani yule kijana. Badala yake alisema kijana huwa anarudi, anakaa nao, anawaeleza kwamba wengi wameacha kulipa na kazi haiwezi kusonga. "Wengine wakishachukua hawarudi," alisema.

Jambo hilo limenisumbua kuliko nilivyotazamia. Kazi haijakwisha, na aliyelipa yote anasubiri pamoja na asiyelipa kitu. Ukihesabu hati, kijana ameshindwa. Lakini anarudi mahali anapodaiwa, na sifa hiyo haimo katika kabrasha lolote tulilopokea. Sijui niiweke kwenye mizani gani, wala kama ina uzito wowote kwa mtu anayetaka hati aende nayo benki.

Siku ya usaili niliuliza kampuni zote swali moja: majirani wasipolipa, aliyemaliza kulipa mtamfanyia nini? Kampuni moja kutoka mjini ilijibu upesi kwamba hilo halitatokea. Kijana wetu alikaa kimya, kisha akasema, "Mama, hapo sina jibu zuri." Moyo wangu ulimwelekea yeye, na papo hapo nikaanza kuutilia shaka: je, ni ukweli wake ulionivuta, au ni baba yake?

Nilipendekeza fedha zikae akaunti ya kamati na zitoke kwa hatua, sehemu ramani ikiidhinishwa, sehemu mawe yakiwekwa, na fungu la mwisho hati zikifika mikononi. Wenzangu wawili wanaona hakuna kampuni itakayokubali masharti hayo. Huenda wako sahihi. Kampuni ndogo haiwezi kulipa mafuta na vibarua kwa ahadi. Nimewaomba tukubaliane angalau ukubwa wa fungu la mwisho kabla ya mkutano wa wakazi, na tumtumie nauli mtu mmoja wa Mugumu aje aulizwe mbele ya wote.