Panya Si Mtu, Lakini Ametufaa



Juma hili kijana mmoja wa machimboni aliniuliza: “Padre, nasikia wataalamu wamewakinga panya na kifua kikuu. Mbona sisi bado tunakohoa?” Ni swali zito, kwa maana katika ukanda wetu wa Shinyanga na Geita nimewapaka mafuta matakatifu vijana ambao wangestahili kuwa shambani au kwenye harusi zao.

Tuanze na vumbi. Jiwe la dhahabu linaposagwa kwenye karasha hutoa vumbi laini la silika. Ndani ya mapafu zipo seli ambazo kazi yake ni kumeza vijidudu. Seli hizo zikimeza silika haziwezi kuiyeyusha. Nyingi hufa, na pafu hujaa makovu. Ndipo kifua kikuu kinapokuta mlango wazi.

Panya naye anazo seli za kinga kama zetu, lakini jeshi lake limepangwa vingine. Katika damu yetu, kati ya nusu na asilimia 70 ya seli nyeupe ni zile zinazowahi kwanza kwenye jeraha na kumeza vijidudu, ziitwazo nyutrofili. Kwa panya hizo ni asilimia 10 hadi 25 tu. Zilizo nyingi ni limfosaiti. Tena, mwili wa mwanadamu huweza kuvizungushia ukuta vijidudu vya kifua kikuu na kuvifungia kwa miaka mingi bila mtu kuugua. Panya wa kawaida wa maabara hajengi ukuta wa namna hiyo.

Kwa hiyo, kinachomkinga panya si lazima kimkinge mtu. Chanjo iitwayo MVA85A ilitia matumaini kwa wanyama. Lakini ilipojaribiwa kwa watoto wachanga karibu 2,800 huko Afrika Kusini, matokeo yaliyotangazwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba haikuongeza kinga ya maana.

Hata hivyo, tusimdharau kiumbe huyu mdogo. Pirazinamidi, mojawapo ya dawa nne anazoanza nazo mgonjwa wa kifua kikuu, haikuonyesha nguvu katika vipimo vya kawaida vya maabara. Ilijulikana kwa kuwa iliwasaidia panya, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Leo inawaponya watu.

Ndugu zangu wachimbaji, uponyaji huo huja kwa dozi iliyokamilika, kwa kawaida miezi 6. Najua habari ya dhahabu mpya ikivuma, kambi nzima huhama usiku mmoja. Hameni, lakini si kabla ya kupita kituo cha afya mpewe uhamisho wa matibabu. Anayekohoa kwa wiki mbili apimwe, dawa hazilipiwi. Jiwe lilowanishwe kabla ya kusagwa. Na viongozi wa jumuiya, mwulizeni kila mgonjwa amebakiza miezi mingapi. Kuuliza huko nako ni upendo.

Nawatakia Dominika njema.