Muziki Usiohifadhiwa



Swali tulilolisikia mara nyingi katika mikutano yenu ni hili: kuna faida gani kujiandaa, ikiwa mipango yote huvunjika? Mmoja alikuwa darasa la mwisho, karo ikakosekana kabla ya mtihani wa serikali. Mwingine alijifunza ufundi, na karakana iliyomfundisha ikafungwa. Wa tatu alikimbia vita vya mashariki, akatufikia hapa Lubumbashi na mfuko mmoja mkononi. Na katika kwaya twasikia neno jingine: mazoezi ya nini, Roho Mtakatifu ataongoza. Wa kwanza husema kwa uchungu, wa pili husema kwa furaha, lakini wote wawili wameyaacha maandalizi. Tungependa kuwajibu kwa kuwaeleza habari za chombo kimoja cha muziki ambacho wengi wenu hamjakiona.

Chombo hicho huitwa sintetaiza ya moduli. Ni sanduku lililojaa vipande bapa vya chuma, kila kimoja kikiwa na matundu ya kuchomekea waya na vishikizo vya kuzungusha. Kila kipande, yaani kila moduli, kina kazi yake. Kimoja, osileta, huzaa wimbi la umeme ambalo spika huligeuza kuwa sauti. Kingine huichuja sauti hiyo na kuupunguza ukali wake. Kingine huamua sauti ianze vipi, idumu kiasi gani na izimike namna gani. Hakuna kipande kinachofanya muziki peke yake. Mpigaji ndiye anayeviunganisha kwa nyaya, na ndani ya nyaya hupita volti. Katika utaratibu aliouweka mhandisi Robert Moog, volti moja ikiongezeka, sauti hupanda oktava moja kamili. Volti hiyo yaweza kutoka kwenye kinanda. Yaweza pia kutoka kwenye moduli nyingine inayopanda na kushuka polepole, kama kifua cha mtu aliyelala.

Kilizaliwa Marekani, wakati Maaskofu walipokuwa Roma kwa ajili ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano. Moog, katika jimbo la New York, akishirikiana na mtunzi Herbert Deutsch, alitengeneza chombo chake cha kwanza mwaka 1964. Upande wa pili wa nchi, huko San Francisco, watunzi Morton Subotnick na Ramon Sender walimwomba fundi Don Buchla awatengenezee chombo cha aina hiyo. Buchla hakutaka kukipa funguo za piano. Aliweka vibao vya chuma vya kugusa kwa vidole, ili mkono usirudie nyimbo ulizozizoea. Baadaye alitengeneza hata moduli ambayo kazi yake ni kutoa volti zisizotabirika, akaipa jina lenye maana ya chanzo cha mashaka. Fundi mwenye akili alikaa mezani akabuni kipande cha kumletea mpigaji jambo asilolitazamia! Hapo ndipo panapotugusa, maana sisi hatuna haja ya kununua moduli ya namna hiyo. Maisha ya nchi yetu hutupatia mashaka ya kutosha bila malipo.

Basi mpigaji hufanyaje? Mnajua kinanda cha umeme cha parokia: wabonyeza kitufe, ngoma na besi zinaanza zenyewe, zikiwa zimehifadhiwa humo tangu kiwandani. Ndiyo maana kwaya tatu za mitaa mitatu zaweza kusikika kama kwaya moja. Sanduku la moduli halina wimbo uliohifadhiwa. Ukiliwasha bila kuchomeka waya, linakaa kimya. Mpigaji huchukua muda mrefu kuunganisha, kusikiliza, kuchomoa na kuunganisha tena. Anapokuja mbele ya watu, hana karatasi ya noti. Muziki wenyewe huubuni papo hapo. Lakini anajua kila waya unatoka wapi na unakwenda wapi. Volti isiyotabirika inapoleta sauti ngeni, mkono wake tayari unajua ni kishikizo kipi kitakachoipa nafasi, au kuipunguza, au kuijibu.

Sisi tuliosomea ualimu tunalitambua jambo hili. Chuoni tulifundishwa kuandika maandalizi ya kila somo: lengo, vifaa, hatua, maswali. Mwalimu anayeingia darasani bila maandalizi, mtoto akimwuliza swali la ghafula, hukasirika, kwa sababu hana pa kulipokelea. Mwalimu anayesoma karatasi yake tangu mstari wa kwanza hata wa mwisho hulinyamazisha swali hilo hilo, kwa sababu halimo katika karatasi. Aliyejiandaa vema hulipokea, huliweka kando ya somo lake, na mara nyingi swali hilo ndilo watoto watakalolikumbuka wakiwa watu wazima. Katika katekesi ni vivyo hivyo. Mtume Paulo, alipowaandikia Wakorintho sura ya 14, aliweka utaratibu wa mkutano wa sala: wanenaji wapokezane, na mmoja aliyeketi akipewa ufunuo, yule anayesema anyamaze. Roho huongoza, naam, lakini huwaongoza watu wanaojua kusikilizana.

Mwanamuziki mmoja kutoka Ubelgiji, alipopita mjini kwetu, alikubali kutuonyesha sanduku lake dogo katika ukumbi wa parokia. Vijana walipokezana mbele yake. Msichana mmoja, yule yule aliyekuja na mfuko mmoja, alikaa muda mrefu kuliko wengine. Taratibu akaipata sauti nzito, yenye kutetemeka kidogo, iliyokuwa ikipanda na kurudi. Ukumbi ukanyamaza. Kisha, kama mjuavyo, umeme ukakatika.

Uliporudi, karibu saa moja baadaye, hakuna aliyekuwa amegusa waya hata mmoja. Vishikizo vilikuwa pale pale alipoviacha. Hata hivyo sauti ilikuwa nyingine. Mgeni alitueleza sababu: chombo cha analogi husikia joto. Osileta zilizopoa hazipigi sawasawa na osileta zilizokwisha kupata moto, na huchukua muda kutulia. Msichana akatugeukia akauliza, “Papa, sauti yangu imekwenda wapi?” Mgeni alimwambia kwamba wapigaji wa chombo hiki huizoea hali hiyo, jioni huchomoa nyaya zote, na kesho huanza katika ukimya. Yeye akafikiri kidogo, kisha akakaa tena mbele ya sanduku. Hakuitafuta ile ya kwanza. Alianza na ile iliyokuwapo, sauti ya osileta zenye baridi, akaifuata kadiri ilivyokuwa ikipata joto.

Jambo hilo tumelitafakari pamoja na somo la mana katika kitabu cha Kutoka, sura ya 16. Waisraeli waliokota chakula cha siku moja. Waliojaribu kukiweka hadi asubuhi walikikuta kimeoza. Lakini angalieni vizuri: Mungu hakuwaambia wakae hemani. Kila asubuhi walipaswa kuamka, kutoka na kuokota, na siku ya sita waliokota maradufu kwa ajili ya Sabato. Mana haikuhifadhiwa. Kilichobaki kwao ni desturi ya kuamka, na imani kwamba aliyewalisha jana yupo leo. Msichana yule alipoteza sauti, lakini masikio yaliyoipata na vidole vilivyoijua njia yake hakuvipoteza. Karo ikikosekana, karakana ikifungwa, nyumba ikiachwa, yale mliyojifunza huja pamoja nanyi hata pale mfuko unapokuwa mdogo.

Wala msidhani kwamba busara hii ni ya wageni peke yao. Mawangu Mingiedi na kundi lake la Konono No 1, huko Kinshasa, waliitia likembe umeme kwa vipaza sauti walivyojitengenezea, wakitumia sumaku za vipuri vya magari makuukuu. Mkwaruzo uliotokana na vifaa hivyo hawakuuona kuwa aibu; waliufanya kuwa sehemu ya muziki wao, na albamu ya Congotronics ikaupeleka ulimwenguni. Na hapa Katanga, mwaka 1958, wavulana wa Kamina na walimu wao, wakiongozwa na Padri Guido Haazen, Mfransisko, waliimba Missa Luba. Maneno yake yalikuwa Kilatini cha Misa, nayo sauti kwa sehemu kubwa zilibuniwa na waimbaji wenyewe kwa kufuata nyimbo za mababu. Wangewezaje, kama hawakuzijua nyimbo hizo tangu utoto? Aliyerithi mengi na kujizoeza mengi ndiye awezaye kubuni papo kwa papo.

Kwa hiyo, wapenzi, hatuwaombi mpeleke masanduku ya nyaya altareni. Tunawaomba mfanye mazoezi siku ya Alhamisi, hata kama mvua itawazuia watu Jumapili. Someni, hata kama hamjui mlango gani utafunguka. Salini asubuhi, hata kama jana sala ilikuwa tamu na leo ni kavu. Pengine moyo haujapata joto bado. Na siku jambo msilolitazamia litakapoingia, msikilizeni Mungu ndani yake kabla ya kuukimbilia mpango wa zamani.

Maswali ya kutafakari katika kikundi

1. Ni mpango gani wetu uliovunjika? Ni kitu gani tulichojifunza katika mpango huo ambacho bado tunacho?

2. Katika kwaya na mikutano yetu, nani husema sana, na nani hajapewa nafasi ya kusikilizwa?

3. Wiki hii tutajiandaa kwa jambo gani, bila kujua litakuwaje?

Tuombe: Ee Roho Mtakatifu, utupe bidii ya kujiandaa na masikio ya kukupokea. Yale tusiyoweza kuyahifadhi, uyahifadhi wewe. Amina.