Kipimo Changu cha Filamu Zinazotoka Kitabuni

Filamu ya kwanza niliyoipenda kwa moyo wote ni The African Queen, ya John Huston, ya mwaka 1951. Niliitazama utotoni hapa Kamina, katika ukumbi wa parokia. Ilisema Kifaransa, na yaya mmoja alisimama kando ya ukuta akitufasiria kwa Kiswahili, akichomeka Kiluba palipochekesha. Mwigizaji Humphrey Bogart, aliyekuwa Charlie, alipotoka majini ruba wamemganda mwilini, ukumbi mzima ulipiga kelele. Siku hizo, kwangu, filamu nzuri ni iliyotutetemesha.

Nilipoisoma riwaya ya C. S. Forester ya 1935, nilianza kulinganisha. Kitabuni mashua ya Rose na Charlie, wanaoshuka mtoni kwenda kuilipua meli ya Wajerumani ziwani, inazama katika dhoruba bila kuidhuru meli hiyo, na jeshi la majini la Uingereza linakuja kumaliza kazi. Kwenye filamu inapinduka vilevile, lakini mabaki yake ndiyo yanayoilipua meli. Huston aliwatendea haki Rose na Charlie kuliko mwandishi wao: waliotaabika mtoni ndio waliovuna.

Kisha nikaijua historia iliyo nyuma ya kisa hicho. Mwaka 1915 Waingereza walileta mashua mbili, Mimi na Toutou, kwa treni hadi Fungurume, zikavushwa milima ya Mitumba hadi Bukama, jirani yetu, ndipo zikateremka mto Lualaba kuelekea Ziwa Tanganyika kupambana na Wajerumani. Wanaume wa huku walifyeka njia, wakajenga madaraja, wakazivuta. Kitabuni hawamo. Kwenye filamu pia hawamo, ingawa sehemu yake ilipigwa Kongo hii hii.

Tangu hapo nauliza nani amepewa sauti na nani amenyang'anywa. Johnny chien méchant, riwaya ya Emmanuel Dongala ya 2002, inasimuliwa kwa zamu na Johnny, askari mtoto, na Laokolé, msichana anayekimbia vita na mama yake aliyevunjika miguu. Filamu ya Jean-Stéphane Sauvaire ya 2008 imeigizwa kwa nguvu, lakini imemfuata Johnny, na Laokolé karibu hana neno. Katika vita vya Kongo vilivyoanza 1998, akina Laokolé walifika Kamina na mizigo kichwani, tuliwasikia wakisimulia. Kwa hiyo, kwangu, hiyo ndiyo filamu iliyokipunja kitabu chake kuliko zote.

Vijana mnaopiga filamu kwa simu, someni kitabu chote kwanza. Halafu mtafuteni aliyenyamazishwa, mmpe nafasi aseme.