Sinema za Pwani ya Kusini, Kilwa Hata Lindi

Mtu atokaye Dar es Salaam kwenda kusini huvuka mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa, lililofunguliwa mwaka 2003. Kabla ya hapo palikuwa na pantoni, na masika yakiwa makubwa njia ilifungwa, watu wa Kilwa na Lindi wakawa kama wakaao kisiwani. Twaanza na habari za barabara kwa sababu kila kitu kilichofika pwani hii, sukari, nguo, magazeti na hata picha za sinema, kilifika kwa kadiri njia ilivyoruhusu. Walimu kadhaa wametuuliza juu ya vibanda vya picha, kama ni vizuri watoto waende au wazuiwe. Basi katika safari yetu ya juzi tuliuliza neno moja kila tulipolala: hapa watu walitazama sinema wapi, walilipa nini, na sasa watazama wapi?

Penye njia panda ya Nangurukuru tuligeuka kushoto. Wageni wengi hupita moja kwa moja hata Kilwa Masoko, wakavuka kwa mashua kwenda Kilwa Kisiwani kuona msikiti mkuu na Husuni Kubwa, majengo yaliyoingizwa katika urithi wa dunia mwaka 1981. Sisi safari hii hatukuvuka. Tulishuka Kivinje, mji wenye majumba ya mawe ya zamani, mengine yamekwisha anguka mapaa na miti imeota ndani, tukawakuta wazee wamekaa barazani karibu na ufuko.

“Shikamooni, wazee wetu.”

“Marahaba, walimu. Karibuni, kaeni kitako.”

Tulipotaja sinema walicheka. Mmoja wao akasema, “Mwalimu, sisi tuliona sinema kabla hatujaona umeme majumbani. Ilikuja na gari.” Wakatueleza. Gari la serikali lilifika mchana, nalo lilikuwa na mashine yake ya kutoa umeme. Mtu alipita akitangaza kwa kipaza sauti, na jua likichwa kitambaa cheupe kilitundikwa kati ya nguzo mbili uwanjani. Hapakuwa na kiingilio. Watu walikuja na mikeka na watoto, na waliochelewa walikaa nyuma ya kitambaa, wakaiona picha ile ile imegeuka, kila mtu ndani yake akila kwa mkono wa kushoto. Mzee yule alisema hilo ndilo analolikumbuka kuliko hadithi yenyewe, maana bibi yake alikasirika sana kuona watu wazima wasio na adabu.

Jambo hili la gari lina asili ya zamani, na misioni zimo ndani yake. Mwaka 1935 Baraza la Kimataifa la Wamisionari, likisaidiwa fedha na Carnegie Corporation ya New York, lilianzisha kazi ya kutengeneza sinema kwa ajili ya Waafrika. Makao yake yalikuwa Vugiri, katika milima ya Usambara, na kazi ilikuwa mikononi mwa Bwana J. Merle Davis, Meja L. A. Notcutt na Bwana G. C. Latham. Hata ilipokwisha mwaka 1937 walikuwa wamefanya picha 35, nazo zilichukuliwa kwa gari katika Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Zilifundisha habari za safura, za kuweka akiba posta, za kodi na kilimo.

Kazi ile ilikuwa ya nia njema, wala hatutaki kuidharau. Lakini mabwana wale walidhani kwamba mtazamaji wa Kiafrika ni mgeni kabisa wa picha, hivyo yampasa aoneshwe mambo polepole na kwa urahisi. Laiti wangaliuliza Unguja! Jumba la Royal lilikuwa limefunguliwa kule mwaka 1921, na watu wa pwani walikuwa wamekwisha zoea kuchagua picha waipendayo na kuikataa wasiyoipenda. Baadaye, mwaka 1952, ilipotoka Muhogo Mchungu, habari za mtu wa shamba aliyeingia mjini Dar es Salaam, watu waliipenda kwa kuwa waliwaona wenzao, na lugha ilikuwa yao. Aliyecheza ndani yake ni Rashidi Kawawa, ambaye miaka 10 tu baadaye alikuwa Waziri Mkuu wa Tanganyika.

Kutoka Kilwa tulikwenda Lindi. Mji huu umelala kando ya ghuba, na ng'ambo yake ni Kitunda, ambako watu huvuka kila siku. Zamani ndio uliokuwa mji mkuu wa Jimbo la Kusini, wenye maduka ya Wahindi, maofisa na makuli wa bandarini, basi haukukosa jumba la sinema. Na hapa ndipo tulipoelewa tofauti kubwa ya siku zile na hizi. Picha ilikuwa mikanda mizito ndani ya makopo ya bati, nayo ilizunguka mji kwa mji. Ilipofika Lindi ilikaa siku chache, kisha ikaendelea na safari yake. Aliyesema “nitakwenda wiki ijayo” aliikosa. Kwa hiyo mji mzima, tajiri na mchukuzi, Mhindi, Mwarabu na Mwafrika, waliona picha moja katika siku zile zile chache, kila mtu kwa kiti alichoweza kukilipia, na kesho yake wote walikuwa na neno la kusema. Wasio na senti walisimama nje ukutani kusikiliza nyimbo, wakazijua kwa moyo bila kujua maana yake.

Wazee wa Lindi walitutajia Awara, picha ya Bara Hindi ya mwaka 1951, aliyoicheza na kuiongoza Raj Kapoor. Ni habari za mtoto wa hakimu aliyemfukuza mkewe kwa kumshuku. Mtoto akalelewa katika umaskini, akafundishwa wizi na mnyang'anyi, hata mwisho akasimama mbele ya baba yake mahakamani. Hakimu huyo hushikilia kwamba mwana wa mwizi ni mwizi na mwana wa mtu mwema ni mwema. Basi watu walitoka wakibishana: je, tabia ni damu au ni malezi? Mama mmoja mzee alituambia kwamba marehemu mumewe na jirani yao waliugombea mfano huo hata wakanuniana mwezi mzima. Twadhani mwalimu yeyote angefurahi kupata somo liwezalo kuwagombanisha watu wazima namna hiyo.

Majumba yale yalikufa kidogo kidogo. Kanda za video zilienea katika miaka ya 1980, na mwaka 1994 televisheni ikaanza Tanzania Bara. Mtu akiweza kuona nyumbani, atatokaje usiku kwa miguu? Asiye na televisheni akaenda kibandani.

Kibanda hicho watu hukiita banda umiza, na jina lake ni kweli tupu: mabenchi ya mbao, kuta za makuti au mabati, na joto. Tuliingia kimoja Lindi. Mwenyewe, kijana mwenye heshima, alitupokea. “Shikamooni, walimu. Leo ni picha ya Wachina, lakini imetafsiriwa.” Maana yake ni kwamba mtu mmoja hurekodi sauti yake juu ya picha na kueleza yote kwa Kiswahili, akitia na mizaha yake. Aliyejulikana sana kwa kazi hiyo Dar es Salaam ni yule aliyeitwa Lufufu. Wengine huwacheka watafsiri hawa. Sisi twaona wamefanya ambalo mabwana wa Vugiri walilitaka wasilipate, yaani kuifanya picha ya mbali iseme na mtu wa hapa.

Kiingilio kilikuwa shilingi 300. Siku ya mpira hupanda. Tulimwuliza kijana kama hajafikiri kuwatoza wateja wake kwa mwezi. Tuliuliza kwa kuwa ng'ambo jambo hili limejaribiwa sana. Ufaransa, kampuni ya UGC ilianza mwaka 2000 kuuza kadi ya kutazama sinema bila kikomo kwa malipo ya kila mwezi. Marekani, kampuni ya MoviePass mnamo Agosti 2017 ilishusha ada yake hata dola 9.95 kwa mwezi, na aliyelipa aliruhusiwa picha moja kila siku. Watu zaidi ya milioni 3 walijiunga. Lakini kampuni ilinunua kila tiketi kwa wenye majumba kwa bei kamili, hivyo mteja aliyependa sinema sana ndiye aliyeitia hasara kubwa. Septemba 2019 ikafunga kazi, na Januari 2020 ikatangazwa kufilisika.

Kijana alisikiliza, akatikisa kichwa. “Mwalimu, mimi mwenyewe nalipia kifurushi cha king'amuzi kila mwezi, najua uchungu wake. Hapa nani ana mwezi? Watu wana msimu.”

Neno lake lilitukaa moyoni. Ada ya mwezi imefanywa kwa mtu wa mshahara. Mkulima wa Lindi hupata fedha za ufuta katikati ya mwaka na za korosho kuelekea mwisho wake; mvuvi wa Kilwa hupata bahari ikimpa. Katika nyumba nyingi tulizopita king'amuzi kipo juu ya kabati, kimefunikwa kitambaa kilichofumwa, kinangoja korosho. Miezi ile watoto hurudi bandani, ambako shilingi 300 humtosha mtu kwa siku aliyonazo.

Na hapo ndipo lilipo shauri la walimu. Kivinje tulikutana na mama mjane ambaye mwanawe wa darasa la sita alikuwa akiuza nazi za nyumbani apate kiingilio, akikosa shule siku mbili kila wiki. Mama alimpiga, haikusaidia. Mwalimu wake hakuenda kwa mtoto, alikwenda kwa mwenye banda. Wakapatana: mlango hautafunguliwa kwa mtoto mpaka shule itoke, na Jumamosi asubuhi watoto watazame kwa nusu ya bei picha aliyoichagua mwalimu. Mwenye banda hakupata hasara, maana asubuhi ya Jumamosi banda lake lilikuwa tupu. Mtoto sasa yuko darasani, ingawa hesabu bado zamshinda.

Twamwongezea mwalimu huyo shauri moja la picha. Iko Jurassic Park, ya mwaka 1993, yenye mnyama mrefu mwenye shingo kama mnazi, aitwaye Brachiosaurus. Mifupa ya jamaa yake, iliyosimamishwa katika jumba la makumbusho Berlin, kimo chake zaidi ya meta 13, ilichimbwa Tendaguru, nyuma ya mji wa Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na wapagazi waliichukua mifupa hata bandarini kwa mwendo wa siku nne, zaidi ya tani 200 kwa vichwa na mabega. Tulipomweleza hayo kijana wa Lindi, aliisimamisha picha ya Wachina katikati, akatuomba tuwaambie watu waliokuwamo ndani. Tukawaambia. Mzee mmoja wa benchi la nyuma akasema babu yake alikuwa mpagazi, na kwamba siku zote alidhani yule mzee alikuwa akiwatania.