Asiransi ya gari linalovuka bahari

Wamama wenzangu, dada yangu ni mjane. Alikusanya akiba ya likelemba miaka mitatu ili aagize kamioneti kutoka Japani. Mtu wa kati akamwambia asiransi ni kutupa pesa. Mimi nilikataa, tukaketi na karatasi.

Asiransi moja inalipa tu gari likipotea lote. Nyingine, ya bei zaidi, inalipa hata likipondeka. Tena kuna sheria ya bahari: mizigo ikitupwa majini kuokoa meli, wenye mizigo iliyopona wanachangia hasara. Bila asiransi, mjane anatoa mchango huo mfukoni mwake kabla ya kupewa gari. Na mara nyingi mkataba unaishia bandarini Dar es Salaam; barabara ya Zambia mpaka Kasumbalesa inataka mwingine.

Dada alichukua ile ya pili. Gari lilifika bandarini na kioo kimevunjika. Mtu wake akapiga picha, akaandikisha hasara kabla ya kutia sahihi, na dada akalipwa. Leo kamioneti inabeba unga hapa Lubumbashi, watoto wanasoma.

Mama, usitie sahihi karatasi ambayo hujasomewa kwa lugha yako.