Kisamvu cha Nani Kitamu?

Ukishasafiri kidogo, kila unapokaa na watu utaulizwa: nchi gani wanajua kupika? Wengi watakutajia pilau ya Zanzibar, nyama choma ya Nairobi au luwombo ya Waganda. Mimi nakushauri upime kwa kitu kimoja kinachopikwa kila mahali. Kwangu ni jani la muhogo.

Muhogo wenyewe ni mgeni, uliletwa Afrika na Wareno kutoka Brazili miaka ya 1500. Lakini majani yake kila watu wanayapika kivyao. Bukavu wanaita sombe, Kinshasa pondu: mawese ya kutosha, samaki mkavu, unashushia na fufu. Kigali ni isombe, mara nyingi na karanga za kusaga na bilinganya. Laini, ila kwa ulimi wa mtu wa Pwani imepoa kidogo. Madagaska ndio usipime! Ravitoto yao inapikwa na nyama ya nguruwe yenye mafuta, inaliwa na wali. Kwa wanaomla mdudu, ile ni balaa.

Sasa njoo Chanika. Ukitoka Gongo la Mboto ukaipita Pugu, unaanza kuona mihogo na minazi pembeni ya nyumba mpya za vijana waliokimbia kodi za mjini. Huko anaishi jamaa yangu, Mzaramo, na mkewe wa Kigoma. Jamaa amekulia tui la nazi. Bibie, kama watu wengi wa kwao, ni mawese. Siku mama mkwe alipokuja kuwatembelea, alikitazama kile kisamvu chekundu, akauliza, "Mwanangu, hiki mmekitia rangi?" Bibie akanuna siku mbili. (Kaka zangu, mkeo akinuna siku mbili, hiyo sio habari ya mboga tena.) Nikaitwa niamue, eti kwa kuwa nimetembea.

Kwa ladha, nazi ya Chanika naipa namba moja hata mbele ya Wakongo, mradi tui zito litiwe mwishoni na lisikatike. Lakini nikamwambia jamaa ukweli: kwenye kupika, mkewe anamzidi. Jani bichi la muhogo lina sumu ya sianidi, na kinachoipunguza ni kutwanga vizuri na kuchemsha sana bila kufunika sufuria. Bibie hana haraka, anakaa jikoni mpaka jani linalainika kabisa. Jamaa akishika zamu, nusu saa tu ameshatia tui.

Siku hizi bibie ndiye anayechemsha, halafu wanagawa sufuria mbili: moja nazi, moja mawese. Mara ya mwisho nilipokwenda, mama mkwe alikuwepo. Alianza na ya nazi. Kisha akasogeza sahani kwenye ile nyekundu, "Kidogo tu nionje, mama." Alionja mara tatu.