Twende Mikokoni: Safari ya Delta ya Rufiji

Wengi wenu mkisikia kwamba mtu amekwenda porini kutazama viumbe vya Mungu, mnafikiri Serengeti, Mikumi au Ngorongoro. Tena mnafikiri hayo ni mambo ya wageni wenye motokaa kubwa na kamera shingoni. Leo nataka kuwachukua mahali pengine kabisa, katika msitu usio na vumbi wala simba wa kupigwa picha, msitu uliosimama ndani ya maji ya chumvi. Ni msitu wa mikoko wa delta ya Rufiji, katika wilaya ya Kibiti, mkoa wa Pwani.

Kwanza tujue maji yake yanatoka wapi, maana huenda yanatoka kwako. Mto Kilombero na mto Luwegu hukutana na kuwa Rufiji, na Ruaha Mkuu huingia baadaye. Bonde lote la mito hiyo ni karibu sehemu moja katika tano ya nchi yetu. Basi wewe unayesoma gazeti hili Ifakara, au Mahenge, au Iringa, au kule Usangu, mvua iliyonyesha shambani kwako ina njia ya kufika huku. Na ule udongo mwekundu uliobebwa na mvua hiyo kwa sababu hukuweka matuta, nao husafiri bila nauli. Mto unapokaribia bahari huchoka. Hauna tena mteremko wa kuusukuma, kwa hiyo hugawanyika kuwa vijito vingi kama vidole vya mkono, ukatua mzigo wake wa tope. Mahali hapo ndipo panapoitwa delta. Juu ya tope hilo imeota mikoko, hekta zaidi ya 50,000, yaani zaidi ya ekari 120,000. Katika pwani yote ya Afrika ya Mashariki hakuna msitu wa mikoko unaoupita huu kwa ukubwa. Mwaka 2004, pamoja na bahari ya Mafia na Kilwa, uliandikwa katika orodha ya Ramsar, ambayo ni orodha ya dunia nzima ya ardhi za majimaji zinazostahili kutunzwa.

Sasa safari. Ukitoka Dar es Salaam shika barabara ya Kilwa. Utapita Mkuranga, penye minazi na mikorosho, kisha utafika Bungu. Hapo ndipo inapochepuka njia ya Nyamisati, mkono wa kushoto, kilometa 40 na kidogo. Lakini ni vema kwanza uende mbele mpaka Kibiti mjini, kwa sababu ofisi ziko huko. Mikoko yote ni hifadhi ya serikali chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na mgeni huomba ruhusa kabla ya kuingia. Ukishapata ruhusa, rudi Bungu ukashike njia ya bandarini.

Nyamisati ndipo watu wanapopandia vyombo vya kwenda kisiwa cha Mafia, na ndipo utakapopata boti au mtumbwi wa kukuingiza msituni. Usithubutu kwenda bila mwenyeji. Huko ndani kulia ni mikoko, kushoto mikoko, mbele mikoko, na kila kijito kinafanana na mwenzake. Tena kuna bahari yenyewe. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, hupanda na kushuka mita 3 na zaidi. Kijito ulichopita asubuhi ukiimba, adhuhuri ni bonde la tope, na chombo chako kimekaa juu yake kama kuku anayeatamia. Ndiyo sababu mwenyeji hatazami saa ya mkononi. Hutazama mwezi.

Wenyeji wa delta ni Wanyagatwa, Wandengereko na Warufiji, na wengi wao ni ndugu zetu Waislamu. Ukifika kijijini piga hodi, waamkie wazee shikamoo, eleza umetoka wapi na unataka nini. Kina mama wajitande khanga. Mgeni aliyejieleza vizuri huonyeshwa mambo mengi kuliko aliyelipa fedha nyingi.

Mtu asiyejua huona mikoko ni mti mmoja tu. Hasha! Mwongoza njia wako akizima mashine na kushika upondo, mwombe akutajie majina. Ule unaosimama juu ya mizizi mirefu iliyopinda, kama mtu aliyekunja magoti asilowe, ndio mkoko wenyewe. Mbegu yake haingoji kuanguka ndipo iote. Huota ingali juu ya mama yake, ikaning'inia kama fimbo ya kijani, na siku ikidondoka wakati maji yamekupwa hujichoma matopeni wima. Ikidondoka maji yamejaa, huelea mpaka ipate pwani ya kushika. Mchu nao hauna magoti. Mizizi yake imechomoza juu ya tope kama penseli elfu zilizochomekwa, nayo hupitisha hewa, maana ndani ya tope lile hakuna pumzi. Chuma jani la mchu ulilambe: utaonja chumvi. Mti hunywa maji ya bahari, kisha huitoa chumvi yake kwa majani. Wapo pia msinzi, mkandaa uliokuwa ukibanduliwa magome kwa kutia ngozi rangi, mlilana unaopenda kukaa mbele kabisa kupambana na mawimbi, na msikundazi unaopenda mahali penye maji baridi. Mkomafi una tunda kubwa la mviringo. Lipasue, kisha jaribu kuzirudisha kokwa zake kama zilivyokuwa. Utatoka jasho.

Viumbe vyake usivitafute mbali, vitafute miguuni. Pale kwenye tope kuna kaa wadogo wenye gando moja kubwa, wanaolipunga kama mtu anayeita basi. Kuna samaki wadogo wanaotoka majini wakarukaruka matopeni na hata kupanda mizizi, macho yamewatoka juu ya kichwa. Kuna tondo, kuna chaza walioganda kwenye mashina, na kuna kaa koko mkubwa ambaye gando lake laweza kuvunja kidole, kwa hiyo mwache mwenyeji amshike. Juu ya miti utasikia kima na tumbili. Ndege ni wengi: mdiria, korongo, yangeyange, na tangu Oktoba mpaka Machi wapo wageni waliokimbia baridi ya Ulaya na Asia. Kwenye vijito vya juu, ambako maji ni baridi, kuna viboko na mamba. Hapo usitie mkono majini, hata ukiambiwa na nani.

Lakini kiumbe mkubwa wa delta kwa thamani ni mdogo kwa umbo, naye ni kamba. Mama yake hutaga baharini. Watoto, wadogo sana, huchukuliwa na maji yanayojaa mpaka ndani ya vijito, wakajificha katika mizizi ambamo samaki wakubwa hawawezi kuwafuata. Hula yale majani ya mikoko yaliyooza na vijidudu vyake. Baada ya miezi michache hurudi baharini wamenona, na hapo ndipo nyavu huwangoja. Sehemu kubwa ya kamba wanaovuliwa Tanzania hutoka katika maji haya ya Rufiji na Mafia. Kwa hiyo mtu akikata mkoko hapa, mvuvi aliye mbali baharini, asiyemjua wala kumwona, huvuta wavu mwepesi.

Na miti hii imekatwa tangu zamani sana. Kwa karne nyingi majahazi ya Uarabuni na Ghuba ya Uajemi yalikuja na upepo wa kaskazi, yakarudi na kusi yamejaa boriti. Nyumba za mawe za Unguja na Lamu, na za Oman na Kuwait pia, zimeezekwa kwa boriti za pwani yetu. Vyumba vya kale vya Lamu ni vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti. Wajerumani walianza kuuwekea msitu wa delta masharti mwaka 1898. Mwaka 1987 serikali yetu ilipiga marufuku ukataji wa mikoko, na baadaye ikaruhusu kidogo kwa leseni.

Wajerumani wenyewe waliutumia msitu huu kujificha. Mwaka 1914 manowari yao Königsberg, iliyokuwa imezamisha meli ya Waingereza Pegasus pale Unguja tarehe 20 Septemba, ilikimbilia ndani ya vijito vya Rufiji ikafunikwa kwa matawi. Waingereza waliitafuta, wakaiziba njia, na mwishowe wakaleta meli mbili za kina kifupi, Severn na Mersey, pamoja na eropleni za kuangalia kutoka juu. Tarehe 11 Julai 1915 iliangamizwa. Mizinga yake 10 ilitolewa majini ikaburutwa nchi kavu, ikatumika vitani. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, na watoto wa shule huupanda. Vitabu vinalitaja sana jina la kapteni Looff. Majina ya Waafrika walioburuta vyuma vile katika tope na jua sijayaona kokote. Manowari yenyewe imemezwa na matope.

Sasa nataka usimamishe mtumbwi kidogo, maana tumefika mahali pa mashaka. Ghafla msitu utakatika, nawe utaona mwanga mweupe, visiki vikavu vimesimama kama mifupa, na kati yake mpunga wa kijani unaopendeza sana. Pembeni kuna dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo, na mama yumo ndani na watoto, anafukuza ndege.

Jambo hili lina historia. Mafuriko makubwa ya mwaka 1978 yaliugeuza mto, maji mengi yakashika vijito vya kaskazini. Sehemu zilizokuwa na chumvi zikapata maji baridi, na watu wakaona ya kuwa mpunga unakubali. Wakafyeka. Miaka ya kwanza tope lile hutoa mavuno bila mbolea. Kazi yake ni ngumu hata hivyo, kwa sababu kaa hukata miche michanga usiku, hivyo mkulima hupandikiza mara ya pili na ya tatu. Baada ya miaka michache magugu hushinda, naye hufyeka mbele. Kule alikotoka mikoko hairudi upesi, kwa kuwa nyasi zimeshika mahali pake.

Sheria inakataza kulima ndani ya hifadhi, na watu wa misitu hufanya kazi yao. Mimi simlaumu yule mama kabla sijatazama sufuria yake. Kamba huleta fedha, lakini fedha nyingi huenda kwa mwenye boti, mashine na barafu. Mpunga ni wake mwenyewe na huliwa nyumbani. Hata hivyo watoto wake hao hao watataka samaki na kaa wa kuuza kesho, na wale hawatoki katika nyasi. Katika kitabu cha Mwanzo tunasoma kwamba mtu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Kwa wengi wetu wa milimani maneno hayo mawili hukaa pamoja bila ugomvi. Hapa delta yanagombana katika shamba la mtu mmoja. Marehemu Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, aliitaja mikoko kwa jina lake, akisema kutoweka kwake katika pwani za dunia ni jambo la kutia wasiwasi. Nimefurahi kwamba aliitaja. Ila jibu la sufuria ya yule mama linapaswa kutafutwa hapa hapa Kibiti, naye akiwepo katika kikao.

Na mto wenyewe umebadilika tena. Huko juu limejengwa bwawa la umeme la Julius Nyerere, megawati 2,115, lililoanza kujazwa maji Desemba 2022. Taa zimepatikana, nasi tunashukuru. Lakini bwawa lolote hushika tope, na tope ndilo lililoijenga delta. Kisha Aprili 2024 mafuriko yaliingia nyumba na mashamba mengi ya Rufiji na Kibiti. Ukikaa na wazee barazani watakupa hesabu ya mafuriko yote wanayoyakumbuka, mabaya yaliyobomoa na mazuri yaliyoleta rutuba na samaki. Sikiliza tu, usikatize.

Wakati mzuri wa kwenda ni Juni mpaka Oktoba, barabara zikiwa kavu. Anayependa ndege aende Novemba. Viatu vya ngozi viache Kibiti, huku ni miguu mitupu au raba za kuchafuka. Chandarua ni lazima. Chukua maji ya kunywa ya kukutosha kwenda na kurudi, kwa maana vijiji vya ndani vina shida ya maji baridi, na wakati wa kiangazi kina mama huyafuata kwa mtumbwi juu ya mto. Usiende kunywa akiba ya watu. Nauli ya boti patana ungali nchi kavu, na petroli iingizwe katika mapatano. Ukiambiwa maji yanafaa saa kumi usiku, basi lala mapema, maana saa kumi na moja chombo kitakuwa kimekwisha kwenda.